Siku Mama Alipoiwasha Mashine ya Papa

Mazutu, yaani dizeli, ikiungua mahali ambapo mahindi yanasagwa hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine kokote. Si harufu ya gari, wala si ya jikoni. Ni moshi mweusi uliochanganyika na unga wa moto, unga ule unaotoka ukipumua kwenye mfuko wa kitambaa. Mwaka jana nilikuwa napita kwa miguu katika mtaa mmoja wa pembeni mwa mji, umeme umekatika, na mtu nyuma ya ukuta akawasha mashine yake ya kusaga. Nilisimama. Watu walinipita wakidhani nimepotea njia. Kumbe nilikuwa nimerudi uani kwetu, mtaa wa Katuba mjini Lubumbashi, nina miaka kumi, na unga umenishika kwenye nyusi.

Niwasimulieni habari za mashine ya nyumbani kwetu, maana walioijua wamebaki wachache.

Papa, yaani baba yetu, aliitwa Kazadi. Wazazi wake walitoka Kasai wakati wa Wabelgiji, na yeye alizaliwa huku huku Katanga. Alikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya shaba. Alitoka honi ikilia asubuhi na kurudi jioni akinuka grisi, mikono yake imekuwa migumu kama soli. Lakini mashine ya kusaga ilikuwa yake mwenyewe. Aliipata ikiwa imekufa, kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafungasha vitu vyake wakati ule maduka ya wageni yalipogawiwa wenyeji, na aliifufua kipande kwa kipande. Ilikuwa injini ya silinda moja, ya rangi ya kijani, yenye magurudumu mawili mazito ubavuni na mkanda mrefu uliozungusha kinu. Ilikaa katika kibanda cha mabati. Ikinguruma, vikombe vya chai mezani vilitembea vyenyewe, na mgeni asiyezoea alivishika kwa mikono miwili.

Papa akiwa kazini, aliyeiendesha ni mama. Alijifunga kitenge vizuri, akashika mkono wa chuma, akazungusha mara kadhaa kwa uzito wa mwili wake wote, na injini ikakohoa, ikatema moshi, ikaanza. Wanawake wa mtaa walipanga ndoo zao tangu alfajiri, wakisemezana kwa kupaza sauti juu ya kelele, hata walipokuwa wakisengenyana. Mtaa mzima ulijua siri za mtaa mzima. Kwa unga ule tulikula bukari, ugali wetu, na tulisoma. Mshahara wa papa ulizoea kuchelewa, mashine haikuchelewa.

Siku za Jumapili papa alikuwa akiifungua mashine, na sisi, mimi na mdogo wangu Tshibangu, tuliruhusiwa kuangalia mradi tusishike kitu. "Hii kitu inaishi sawa muntu," alituambia. "Inavuta pumuzi, inafinya, inawaka, kisha inatapika." Neno la mwisho lilituchekesha mpaka tukaanguka, na yeye alilirudia makusudi.

Alituonyesha supape, vile vimilango viwili vilivyo kichwani mwa injini, kimoja cha kuingiza hewa, kimoja cha kutoa moshi. Vimilango hivyo havijifungui vyenyewe. Chini kuna chuma kirefu chenye manundu. Kikizunguka, nundu linasukuma fimbo, na fimbo inafungua mlango. Chuma hicho nacho kinazungushwa na pinyo, yaani gurudumu la meno, na pinyo hiyo kubwa imeng'atana na ndogo inayozungushwa na injini yenyewe. Ndogo ikizunguka mara mbili, kubwa inazunguka mara moja. Lazima iwe hivyo. Meno yakikosana hata kwa jino moja, mlango unafunguka wakati pistoni inapanda, na chuma kinagonga chuma.

Ili tuelewe, alituchezesha. Tshibangu alikimbia kuzunguka uwanja mzima mara moja, mimi nikazunguka kibanda mara mbili, na tulitakiwa kukutana mlangoni kwa pamoja, papa akipiga kifuniko cha sufuria. Tukikosana, alishika kichwa chake na kulia, "Supape imekufa! Batu balale njaa!" Majirani walidhani nyumba yetu ina wazimu.

Kisha pinyo kubwa ilivunjika meno. Lubumbashi nzima hakukuwa na nyingine, kwa sababu maduka yale yaliyogawiwa yalikuwa yamebaki na rafu tupu na picha ya Rais ukutani. Mama ndiye aliyekwenda Mokambo, mpakani, pamoja na wanawake waliokuwa wakivusha sabuni na mafuta kutoka Zambia, akarudi na pinyo imefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Ilikuwa na meno sawasawa na ile ya zamani, lakini tundu la kuifungia kwenye kile chuma cha manundu lilichongwa mahali pengine. Kiwanda kilikuwa kimegonga alama juu yake, nukta ya kulinganisha na nukta ya pinyo ndogo, ila kwa injini yetu alama ile haikusema kweli. Ukiifuata, utaivunja mashine.

Basi waliitafuta sehemu yake kwa mikono. Naikumbuka Jumapili ile kuliko Krismasi zote. Papa alizungusha gurudumu polepole mpaka pistoni ikafika juu kabisa. Mama alipiga magoti na kushika zile fimbo mbili kwa ncha za vidole. Papa alikuwa amemwambia kwamba mikono yake ya kampuni haisikii tena kitu chochote chembamba, lakini ya mama inasikia. Kuna mahali pamoja tu ambapo mlango wa moshi unamalizia kufunga huku mlango wa hewa unaanza kufunguka, na hapo fimbo moja inalegea na nyingine inakaza, kidogo sana. Mama alifumba macho. "Ingine kidogo," alisema. "Rudisha. Simama. Njo hapa." Ndipo hapo hapo, alimaanisha, na papa akaingiza pinyo. Walipoiwasha ikalia vizuri, papa alicheka peke yake, akampangusa mama grisi shavuni kwa mkono wenye grisi zaidi.

Alisema atagonga alama mpya siku nyingine. Hakuigonga. Injini ilikuwa inafanya kazi, na mtu hana haraka na kitu kinachofanya kazi.

Mwisho wa masika ya mwaka uliofuata alifungua mashine tena ili abadilishe kipande kilichochakaa. Alitoa kila kitu, pinyo zote mbili akaziweka juu ya gunia, akazifunika. Wiki ile ile homa ikamlaza. Alipelekwa hospitali akitembea kwa miguu yake, akageuka mlangoni kutuambia tusishike vyuma. Hakurudi.

Kilio kilijaa uani kwetu. Wanaume walikaa kwenye viti vya kuazima, wanawake chini. Mama alikaa kwenye mkeka, amevaa nguo nyeusi, miguu mitupu, na kufuatana na desturi ya upande wa papa hakutakiwa kusimama ovyo, wala kupika, wala kusema na watu mpaka atakapooshwa kimila. Shangazi yetu, dada yake papa, alikaa karibu naye kumlinda, na pia, nadhani, kumchunguza. Nilimsikia akimwambia mwanamke mwingine kwamba si kawaida mtu na mashine yake kunyamaza katika wiki moja ile ile. Sikuelewa anataka kusema nini. Niliona tu mama akiinamisha kichwa zaidi.

Baba mkubwa Mukendi, kaka yake papa, alifika kwa treni kutoka Mwene-Ditu, Kasai. Alikuwa mtu mrefu, amevaa koti la abakosi la kijivu lililofungwa mpaka shingoni, na sauti yake ilifanana na ya papa hata ikaniumiza. Alilia kweli, siwezi kumsingizia. Baada ya siku za kilio kuisha, wakubwa wa ukoo walikaa pamoja, na ikajulikana kwamba mashine ya kusaga itakwenda Mwene-Ditu. Ni kitu cha ndugu yake, alisema. Kirudi kwenye ukoo. Hakuna aliyemwuliza mama. Wakati ule haikuwa ajabu. Nilikuwa nimewahi kuona hata milango ya nyumba ya mjane ikibebwa na ndugu wa marehemu.

Lakini baba mkubwa hakutaka kusafirisha vyuma vilivyotapakaa. Alitaka aione ikinguruma kwanza. Akaleta fundi mmoja aliyeitwa Alfonsi. Jina hilo lilikuwa limekatazwa pamoja na majina yote ya Kizungu, na kwenye kitambulisho alikuwa na jina jingine, lakini watu waliendelea kumwita Alfonsi mradi hakuna mtu wa chama karibu. Alikuwa fundi mzuri, mpole. Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka jua likawa la kichwani. Alisafisha, alikaza, na mwisho akachukua zile pinyo mbili, akalinganisha nukta na nukta kama fundi yeyote angefanya, akafunga. Kisha akashika mkono wa kuwashia, akatanua miguu.

"Alfonsi, usizungushe na nguvu."

Sauti ilitoka kwenye mkeka. Wote tuligeuka. Mama alikuwa amesimama.

"Mujane anasimama?" shangazi alisema. "Mujane anasema?"

"Zungusha polepole," mama alimwambia Alfonsi, kama vile shangazi hakuwapo. "Polepole utasikia."

Alfonsi alizungusha polepole, na kabla gurudumu halijamaliza mzunguko likakwama. Ilisikika sauti ndogo, tok, ya chuma kugusa chuma. Alitoa mkono haraka kama aliyeungua. "Eh, mama," alisema. "Ningelivunja yote."

Baba mkubwa alimgeukia mama. "Weye unajua nini ku mashini?"

"Ile alama inadanganyaka. Ni pinyo ya injini ingine. Kazadi hakuweka alama ya kweli. Tulikuwa tunatafuta na mikono, miye na yeye."

"Na weye utaweza kutafuta?"

"Nitaweza," mama alisema. "Lakini mbele tusemezane, weye na miye."

Walikwenda nyuma ya kibanda. Nilijaribu kusikiliza, lakini walisema Kiluba cha Kasai, upesi na kwa sauti ya chini, na mimi Kiluba changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Niliona tu kivuli cha baba mkubwa ardhini, mikono yake nyuma, kisha mikono yake kichwani. Mama aliongea zaidi yake. Mwishowe nikasikia neno moja nililolijua, sauti nzito ikisema, "Eyowa." Ndiyo.

Shangazi aliwazuia waliporudi. Alisema mjane hashiki kitu kabla ya kuoshwa, ataleta mkosi. "Muache," baba mkubwa alimwambia. "Mulete maji, anawe mikono. Basi."

Mama alinawa mikono. Alipiga magoti mahali pale pale alipopiga magoti na papa, akashika zile fimbo mbili kwa ncha za vidole. Alfonsi alifungua pinyo kubwa, akaanza kuzungusha kama alivyoelekezwa. Ua wote ulinyamaza. Hata watoto wachanga, nakumbuka, ingawa labda si kweli. Mama alifumba macho. "Ingine," alisema. "Ingine kidogo. Apana, rudisha." Midomo yake ilitikisika katikati ya maneno hayo, na sikujua kama anaomba au anamjibu mtu. Alirudia tena na tena, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinatetemeka na hakuviamini. Jasho lilimtoka. Kisha vidole vikatulia.

"Simama. Njo hapa. Weka pinyo."

Alfonsi akaweka. Nikadhani imekwisha. Lakini mama hakusimama. Aliomba nyundo na ncha ya chuma. "Sasa piga alama ya kweli," alisema, akamwonyesha mahali kwenye jino la pinyo kubwa na mahali kwenye ndogo. "Ile ya uongo, uifute na ile tupa yako. Kule mashini inaenda hakuna mutu anajua."

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Nilikuwa mtoto, lakini si mjinga. Nilijua kwamba bila alama ile mashine isingeweza kufunguliwa huko Mwene-Ditu bila kuharibika, na kwamba siku moja wangelazimika kuja kumpigia mama magoti. Na yeye alikuwa anaitoa siri yenyewe, bure, kwa mikono yake, mbele ya watu waliomkalisha chini. Nilitaka kupiga kelele. Tshibangu alinishika nguo.

Alfonsi aligonga nukta mbili, akafuta ile ya zamani, akashika mkono wa kuwashia, akazungusha. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikasitasita, halafu ikashika mwendo wake. Ilikuwa sauti ile ile. Ilikuwa sauti ya kila asubuhi yetu. Na wanawake waliokuwa wamemaliza kulia siku nyingi wakaangua kilio upya, wote kwa mara moja, kana kwamba papa ameingia getini. Shangazi alijitupa chini. Baba mkubwa alivua kofia, akatugeuzia mgongo, akaegemea mabati yaliyokuwa yakitetemeka. Mama peke yake hakulia. Aliweka kiganja juu ya injini, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akasubiri mpaka ikapata moto.

Jioni waliipakia kwenye lori kuipeleka stesheni. Ilihitaji wanaume wengi, minyororo na matusi. Nilimwuliza mama sababu: "Juu ya nini ulibafanyizia? Ungeliacha ivunjike!" Alinitazama, uso wake umechoka. "Mashini haikunikosea kitu," alisema.

Maisha baada ya hapo yalikuwa magumu. Mama alianza kwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, kununua samaki wa chumvi, wale tunaowaita bitoyo, akawauza sokoni. Kibanda cha mashine kikawa ghala la samaki, na unga tukaufuata mtaa wa pili, na ndoo yetu ikapangwa foleni kama ya watu wengine. Mama alipokwenda safari, jirani alitutazama. Aliporudi alinuka Luapula na moshi. Hakuolewa tena. Tulisoma, mimi na Tshibangu, kwa kusuasua, lakini tulisoma. Na kila nilipomwona akibeba furushi zito la samaki, nilifikiri jinsi alivyowapa watu wa ukoo kila kitu, hata alama.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipofika Mwene-Ditu kwa mara ya kwanza, kumsindikiza mume wangu kazini. Niliona haya kutokwenda kumsalimu baba mkubwa. Alikuwa mzee tayari, miguu imevimba, anakaa kwenye kiti mlangoni. Alinitambua kabla sijajitaja, akalia kidogo, akaagiza nipikiwe kuku. Tulikula. Baada ya kula, bila mimi kuuliza, alisema:

"Ile mwaka nilikuya Lubumbashi, ulifikiri nilikuya kutwala mashini."

Nilimjibu kwamba ndiyo, ndivyo nilivyofikiri.

"Nilikuya kutwala mashini, na weye, na mudogo yako. Njo vile ukoo ulisema. Batoto ni ba ukoo. Tiketi zenu zilikuwa mu mufuko yangu." Akatazama miguu yake. "Mama yako aliniambia ku nyuma ya ile nyumba: mashini nitakupa muzima, itasaga mpaka utazeeka. Lakini batoto banabaki na miye. Na kama unakatala, sitashika ile pinyo, na hakuna mutu ataishika. Nikaitika."

Nilisogeza kiti changu karibu naye.

"Angeliweza kunidanganya jino moja tu," aliendelea. "Nisingelijua mpaka mashini ife mu njia. Ao angeliweza kuacha kuweka alama. Hakuna mutu alimuomba ile alama. Aliitoa yeye mwenyewe. Siku ile, mutoto wangu, nilijua nimetendea muntu vibaya. Ile mashini ililisha batoto yangu yote."

Siku ile nyumbani kwake niliona pia binamu zangu wawili, mabinti wa ndugu mwingine wa papa aliyekufa, waliochukuliwa kwa mama yao wangali wadogo. Walikuwa watu wazima sasa, wapole, wamekuzwa na kuozwa vizuri. Mmoja alinionyesha picha ya mama yake, akaniuliza kama nadhani wanafanana. Alikuwa hamkumbuki uso.

Nilirudi Lubumbashi kwa treni ile ndefu inayosimama kila mahali. Mama alinipokea, akanipa maji, akauliza kama walinipokea vizuri. Nikamwambia ndiyo, na kwamba baba mkubwa alinisimulia. Alikuwa anachambua mboga. Mikono yake haikusimama.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Miaka yote hii."

"Sikutaka ukomale na kuwaza eti ulilipiwa mashini," alisema. "Mutoto akae tu mutoto."

Sasa mama naye hayupo, na mimi nina wajukuu. Nimefikiri sana kuhusu siku zile. Mtoto huona kitu kinachoondoka, kwa sababu kinachoondoka kina kelele: lori, minyororo, wanaume wanaotukanana, shangazi anayejitupa chini. Kinachobaki hakina sauti. Asubuhi iliyofuata, baada ya lori kwenda, mama alitukorogea uji. Alimwosha Tshibangu uso. Alinikalisha katikati ya magoti yake, akanisuka nywele, akivuta sana kama kawaida yake, nami nikalalamika kama kawaida yangu. Kisha tukaenda shule, wote wawili, tukakuta hesabu zimeanza. Niliiona ni asubuhi ya kawaida tu, yenye huzuni, isiyo na kitu cha kukumbuka. Kumbe ndiyo asubuhi ile ile aliyoiomba nyuma ya kibanda.